Shukrani kwa Duara Lililojaa Maji

Naomba radhi mapema kwa makosa ya herufi na kwa mwandiko wangu. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akilishika daftari langu kwa mbali, kama mtu anayejaribu kusoma nyayo za kuku kwenye majivu. Tena naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima, na sentensi nzuri ikinijia nikiwa bado juu ya ukurasa, mpaka nifike chini imekwisha kuondoka. Zilizobaki humu ni zile zilizokuwa na subira.

Yaliyonifanya niandike ni haya. Kanisani kwetu Susuni vijana husimama mmoja mmoja wakaeleza yale Bwana aliyowatendea. Mimi nikisimama mbele za watu ulimi hukauka, na magoti huanza maombi yake yenyewe bila kunisubiri. Mchungaji akasema, basi wewe andika. Nadhani alitegemea nusu ukurasa.

Nitaeleza jinsi mama yangu alivyomwomba Mungu amtoe kaka machimboni, jinsi alivyojibiwa, na tabu tuliyoipata kwa sababu ya jibu hilo.

Kwanza mjue kwamba mama ni mtu wa kushukuru. Watu wengi hushukuru wakipewa. Mama hushukuru hata akinyang'anywa. Baba alipovuka Sirari kutafuta kazi upande wa Kenya, akapata kazi na mke kwa mpigo mmoja, majirani walikuja kumpa mama pole. Mama akawaambia, "Namshukuru Mungu, angalau kazi amepata." Mwaka ambao mvua ya mawe ililala juu ya mahindi yetu ikayaacha kama nyuzi za katani, mama alizunguka shamba lote, akarudi, akasema tumshukuru Mungu, mwaka huu hakuna palizi. Mimi na kaka tulitazamana. Hatukuwa tumeichukia palizi kiasi hicho.

Nyumbani tunalima kwa plau na ng'ombe wawili. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja mbele wa kuwaongoza ng'ombe, mmoja nyuma wa kushika mikono ya plau. Kaka, ambaye ndiye mkubwa, alikaa nyuma kwa sababu ana nguvu. Mimi nilikaa mbele kwa sababu ng'ombe hawacheki nikiongea.

Dhahabu ilikuwapo siku zote huko upande wa mgodi mkubwa, lakini mwaka ule ilianza kusemwa kana kwamba imezaliwa jana. Vijana waliondoka kijijini kama siafu waliopata njia. Wengine walirudi na pikipiki na miwani ya jua, wakaivaa hata ndani ya nyumba. Kijana wa jirani yetu alirudi nyuma ya gari dogo, amefunikwa turubai, kwa sababu duara lilimwangukia. Duara ndilo shimo lenyewe la kuchimbia, ingawa si mara zote huwa la mviringo. Tulimzika kwenye migomba ya baba yake. Na pale pale kaburini, udongo bado haujatulia, vijana walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini: mwamba wa kule ulikuwa ukoje? Ulikuwa unang'aa?

Kaka alikuwa mmoja wa waliouliza. Wiki iliyofuata akaenda machimboni Nyakunguru.

Mama hakumzuia. Alimwambia, "Nenda, mura. Mungu yuko na huko." Mura kwetu ndivyo mama anavyomwita kijana wake. Kaka akaondoka na begi mgongoni, na jioni ile ile mama akaanza kuomba. Aliomba kwa Kikurya, kwa sababu Kiswahili anakielewa sokoni lakini hakiamini mbele ya Mungu. Ombi lilikuwa moja: "Bwana, lile shimo lifunge. Usimfungie mwanangu ndani, mfungie nje."

Kaka naye alikuwa ameokoka upya kule machimboni, maana hakuna mahali watu wanaokoka haraka kama mahali penye mashimo marefu. Alikuwa akinipigia simu.

"Mama anatuombea?"

"Anaomba kila siku," nikasema.

"Duara analitaja?"

"Analitaja kwanza, kabla hata ya chakula."

"Mwambie azidishe, mdogo wangu. Tunakaribia mwamba."

Nilimwambia mama kwamba wanakaribia mwamba. Akazidisha.

Sikusema uongo hata neno moja, na bado nilikuwa nikikata simu natokwa jasho. Nilimhurumia Mungu. Maombi mawili yalikuwa yanamfikia kutoka nyumba moja, kwa majina yale yale ya ukoo, moja likisema fungua na jingine likisema funga, na mimi katikati nikiyaitikia yote amina.

Wakati huo mama ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya ng'ombe, na mimi nikashika plau. Mistari yetu ilipinda mpaka jirani akasimama mpakani akauliza, "Mwaka huu mnapanda nyoka?" Mama akacheka, akamshukuru Mungu kwamba angalau jirani ana macho mazuri. Lakini nilikuwa namwona anavyovuta mguu jioni. Na kila gari dogo lililopita barabarani na turubai nyuma, alisimama mpaka lipite.

Mvua za masika zilikuja na fujo. Asubuhi moja kaka akapiga simu, sauti yake kama ya mtu aliyefiwa.

"Duara limejaa maji mpaka mdomoni. Yote yamejaa. Mwambie mama."

Nilimwambia. Alikuwa anapepeta ulezi. Aliuweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje, halafu akainua mikono miwili juu. Kisha akaniambia nimkamate yule jogoo mwekundu.

"Tunakwenda Nyakunguru," alisema.

"Kufanya nini, mama?"

"Kushukuru."

Nilimweleza kwamba shukrani tunaweza kuitoa hapa hapa kwetu. Mungu yuko hata Susuni.

"Yuko," mama akasema. "Lakini maji yako Nyakunguru."

Ndivyo alivyolelewa. Kwao mtu akikutibia mtoto, jogoo humtumi mtu apeleke, unakwenda nalo neno lako na jogoo wako mpaka mlangoni kwake. Shukrani inapelekwa pale ulipotendewa. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuipeleka ikiwa mlangoni pana watu waliofilisika kwa jambo lile lile unaloshukuru.

Kaka aliposikia tunakuja alifurahi sana. Alidhani mama anakuja kuwapa pole. Tulipofika, wenzake wa duara walikuwa wamempangia mama kiti cha plastiki, kimefutwa, na soda imefunguliwa. Walikuwa wamechoka, macho mekundu, nguo zimekauka tope. Lakini waliitikia kwa pamoja kama wanafunzi: "Shikamoo mama!"

"Marahaba, wanangu," mama akasema. Hilo analijua.

Msimamizi wao, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliinama mbele yake. "Mama, wewe ndiye mwombaji wetu. Kijana wako ametuambia. Tunakushukuru kwa maombi yako, usituache."

Mama alinigeukia. "Wanasemaje?"

"Wanakushukuru kwa maombi," nikasema.

Mama akawatazama mmoja mmoja, machozi yakamlenga. "Maskini," aliniambia kwa Kikurya. "Kumbe na wao walikuwa wanataka kutoka."

Nilipaswa kusema kitu pale pale. Lakini soda ilikuwa imefunguliwa, kaka alikuwa anatabasamu, na mimi ndivyo nilivyo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa la kule lilikuwa la mabati juu na maturubai pembeni, na sakafu ya mawe yaliyosagwa, yale ambayo dhahabu yake imekwisha kutolewa. Walisali humo Wakurya, Wajaluo, Wasukuma, watu wa Serengeti, na wengine ambao hawakupenda kuulizwa wametoka wapi. Kwa hiyo ibada ilikuwa kwa Kiswahili. Mchungaji alipotangaza kwamba kuna mama kutoka Susuni ana sadaka ya shukrani, mama alisimama, jogoo kwapani, na kwa mkono mwingine akanishika shati.

"Twende," alisema. "Utanitafsiria."

Sijui nilifikaje mbele.

"Bwana asifiwe," mama akasema kwa Kikurya.

"Bwana asifiwe," nikasema kwa Kiswahili. Sehemu hiyo niliitafsiri vizuri.

"Ninamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanangu aliye hapa."

Nikalisema na hilo. Watu wakapiga makofi. Kaka, aliyekaa na wenzake mstari wa mbele, aliinua kidevu.

Mama akavuta pumzi. "Nilimwomba Mungu alifunge shimo lao," alisema. "Kila siku nilimwomba. Naye amelifunga kwa maji. Jina lake litukuzwe."

Wanaojua Kikurya hawakunihitaji. Nilimwona kaka tabasamu likimwondoka usoni taratibu, kama maji yanavyozama kwenye mchanga. Lakini nusu ya kanisa walikuwa bado wananitazama kwa upole, wakingoja.

"Mama anasema," nikaanza. "Anasema anamshukuru Mungu kwa mvua."

"Amina!" wakaitikia wasiojua. Mmoja akapiga vigelegele.

"Wewe kijana!" Mwanamke mmoja Mkurya, muuza uji, alikuwa amesimama katikati ya kanisa na kidole juu. "Hajasema mvua! Hiyo mvua umeitoa wapi? Sema alivyosema!"

"Kaa chini, mama," mtu akamwambia.

"Sikai! Hapa ni madhabahuni, si mnadani. Atafsiri!"

Mchungaji, ambaye alikuwa mtu wa mbali na hakujua kinachokuja, aliniwekea mkono begani. "Tafsiri, mwanangu, bila woga. Kweli haiumizi mtu."

Nikatafsiri. Nilitafsiri polepole, neno kwa neno, huku nikitazama mawe ya sakafu. Nilipomaliza hapakuwa na amina. Mtoto mchanga mmoja alisema kitu, mama yake akamziba kwa ziwa. Mama yangu, aliyedhani kimya kile ni cha watu walioguswa moyo, akaanzisha wimbo. Akauimba peke yake mpaka mwisho.

Kwa kawaida sadaka ya kitu huwa inanadiwa papo hapo baada ya ibada, na pesa inaingia kanisani. Machimboni mnada huo ni sifa. Mtu hununua yai moja kwa bei ya kuku ili watu wamwone. Mzee wa kanisa akamwinua jogoo wetu juu. "Haya, jogoo mwekundu, mzito, ametoka Susuni! Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Wanaume wazima walitazama viatu vyao. Mzee akamgeuza jogoo upande wa pili, labda upande ule ulikuwa na baraka zaidi. Mwishowe mama mmoja Mjaluo, muuza dagaa, akaita kutoka nyuma.

"Mnaogopa nini? Jogoo huyu alichimba? Jogoo huyu aliomba? Mlete hapa, nyathina, mwanangu, mimi nitamla leo na nitalala usingizi."

Watu wachache walicheka, na jogoo akaenda naye.

Nje ya kanisa msimamizi alimwita kaka pembeni, lakini si mbali sana, kwa sababu alitaka sote tusikie.

"Ndugu yangu, hatuna ugomvi na wewe. Kazi unaijua. Ila mama yako anasikiwa. Hatuwezi kushuka chini na mtu ambaye mama yake anasikiwa namna ile."

"Haya ni maji ya mvua!" kaka akasema. "Maduara yote yamejaa! Hilo la jirani limejaa, lile la juu limejaa!"

"Hayo mengine," msimamizi akasema kwa upole, "hayajashukuriwa."

Kaka alirudi nyumbani pamoja nasi siku ile ile. Alitangulia mbele, hakugeuka. Mama alikuwa amepewa kile kile alichokiomba, kizima, mikono miwili na miguu miwili, na kilikuwa kimenuna.

Sasa hapo ndipo nilipopata kazi ambayo sikuiomba. Kaka hakuondoka nyumbani, hakuvunja kitu, hakumtukana mtu. Alikataa tu kusema na mama. Kila alichotaka kumwambia alikipitishia kwangu. Kule Nyakunguru nilitafsiri Kikurya kwenda Kiswahili. Nyumbani nikawa natafsiri Kikurya kwenda Kikurya.

"Mwambie mama chumvi imezidi," kaka anasema. Mama yuko pale pale, ameshika mwiko.

"Mama, anasema chumvi imezidi."

"Mwambie ndiyo ile ile aliyoila tangu azaliwe."

"Anasema ndiyo ile ile..."

"Nimesikia," kaka anasema.

Alipalilia mahindi kama mtu anayemtafuta adui chini ya majani. Mama akawa anashukuru kila jioni: kwa palizi, kwa nguvu za mwanawe, kwa kuwa wote tumelala chini ya paa moja. Kaka alikuwa akitoka nje kabla ya amina.

Halafu ikaja habari ya pampu. Kabla hatujaenda na jogoo wetu, kaka alikuwa amempigia simu baba mdogo, mume wa mdogo wake mama, anayelima nyanya na vitunguu huko Manchira karibu na bwawa, akamwomba pampu yake ya kumwagilia. Baba mdogo ni mtu mwema, tena shemasi, ila hana haraka. Pampu ilifika Nyakunguru kaka akiwa amekwisha kufukuzwa. Baba mdogo hakuwa na habari. Akawasha, akavuta maji siku na siku, wenzake kaka wakashuka, wakaukuta mwamba. Nao ulikuwa unang'aa.

Kaka aliyasikia hayo sokoni Sirari. Aliporudi alikaa kwenye lango la zizi mpaka ng'ombe wakaanza kumlalamikia.

"Mwambie mama wamepata," aliniambia.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nilipomwambia, vidole vilisimama. Kisha vikaendelea. "Mwambie namshukuru Mungu kwa ajili yao," alisema.

Huo ujumbe sikuupeleka. Nilimwambia, "Mama, hilo lipeleke mwenyewe." Hakulipeleka.

Tangu siku hiyo mimi nikaacha kusema amina. Nilikuwa nafungua mdomo tu bila sauti, na kwa kuwa nafahamika kuwa mtu wa haya, hakuna aliyegundua. Niliona kwamba Mungu amewajibu wote. Mama alitaka mwanawe, amempata. Wachimbaji walitaka dhahabu, wameipata. Mchungaji alitaka kweli isemwe, ilisemwa. Kilichobaki chote kilikuwa kimeiangukia nyumba yetu, na bado kila jioni tulikuwa tunashukuru kwa ajili yake.

Siku moja tukiwa tunang'oa mihogo, mimi na mama peke yetu, nikamwuliza.

"Mama, unashukuru kila kitu. Unafurahi kweli?"

Alikaa juu ya fungu la mihogo. "Nani kakwambia nafurahi?"

"Sasa mbona unashukuru?"

Aliifuta mihogo udongo kwanza, miwili mitatu. "Baba yenu alipokwenda," alisema, "nilikuwa na neno hapa mdomoni la kumlaani. Lilikuwa tayari. Kumeza siwezi, kutema naogopa, maana ni baba yenu. Nikaona mdomo ni huu huu mmoja. Nisipoujaza kitu kingine, lile litatoka. Nikaujaza shukrani. Nilianza hivyo, mura. Nilikuwa naziba tu."

"Na sasa?"

"Sasa nimezoea. Siku nyingine inatoka ya kweli."

Nilimwuliza kuhusu kaka, kwamba hasemi naye. Akasema hakumwomba Mungu kaka ampende. Alimwomba awe nje ya shimo, na yuko nje. "Nikianza kudai na mengine," alisema, "nitakuwa kama wale wachimbaji. Wakipata mwamba wao wanataka na wa jirani." Aliinuka, akajitwisha mihogo. Lakini nilimwona alivyofunga macho kidogo kabla ya kuinuka, na si kwa sababu ya uzito.

Walikuja wakati wa kulima kwa ajili ya vuli. Kaka alikuwa nyuma kwenye plau, mimi mbele ya ng'ombe, mama akitufuata na jembe la mkono kuvunja mabonge. Pikipiki mbili mpya zilikuja mpaka ukingoni mwa shamba, na kabla injini hazijazimwa tukasikia: "Shikamoo mama!"

Ni msimamizi na wenzake wawili. Msimamizi alivua miwani ya jua, jambo ambalo kwa watu wa machimboni ni kama kuvua kofia mbele ya msiba. Walileta vitenge, mfuko wa sukari, na kreti ya soda.

"Mama, tulikukosea," alisema. "Siku ile tulidhani umelifunga duara. Kumbe ulikuwa unalifungua. Sasa tuna duara jingine. Halina maji, lakini halina na dhahabu. Tunaomba uje ushukuru. Vile vile kama siku ile. Na jogoo mwekundu, kama bado yupo wa rangi ile."

"Wanasemaje?" mama akaniuliza, ingawa niliona wazi ameelewa.

Nilitafsiri yote, pamoja na rangi ya jogoo. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo uliolimwa, na wale vijana nao wakatabasamu kwa adabu, bila kujua wanacheka nini.

"Waambie sikulishukuru duara," alisema akijifuta macho. "Nilimshukuru Mungu."

Nikawaambia.

"Ndiyo hivyo hivyo, mama," msimamizi akasema. "Sisi tunataka hivyo hivyo."

Halafu akamgeukia kaka. Sauti ilibadilika, ikawa ya kazi. "Na wewe nafasi yako ipo. Mgawo kamili, kama wetu. Tulikukosea. Panda, twende hata leo."

Hapo hakuna aliyecheka. Ng'ombe mmoja alipiga mkia. Mama alikuwa amesimama, mfuko wa sukari mikononi, na niliona vidole vyake vimeukaza mpaka karatasi ikapasuka pembeni, sukari ikawa inamwagika chini mstari mwembamba, naye hana habari. Kaka alikuwa bado ameshika mikono ya plau.

"Mama," alisema.

Niligeuka ili nitafsiri. Nilikuwa nimezoea kiasi hicho. Lakini kaka hakuwa ananitazama mimi.

"Mama, wewe unasemaje?"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu kanisani Nyakunguru. Mama alifungua mdomo. Nikadhani sasa atashukuru, maana mdomo ule ulikuwa haujui kazi nyingine. Hakushukuru. Hakuomba pia.

"Mura," alisema, "naogopa."

Basi. Kaka alitazama chini kwenye mstari aliokuwa anaulima. Alitazama muda mrefu kama mtu anayesoma kwa mwendo wangu. Kisha akawaambia wale jamaa kwa Kiswahili, "Nitakuja. Ngojeni nimalize shamba hili."

Msimamizi alilipima shamba kwa macho. "Hili si la leo na kesho tu?"

"Basi nikimaliza nitakuja."

Wakaondoka. Kreti ya soda waliiacha. Jirani, aliyekuwa mpakani tangu pikipiki zilipozimwa, aliuliza kama tumefungua duka.

Jioni mama alishukuru kabla ya chakula, kama siku zote, na kaka hakutoka nje. Mama alipomaliza, mtu akasema "Amina" kwa sauti, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka, kwa sababu alikuwa ni mimi. Sikushukuru kwamba kaka amebaki, maana hakusema anabaki. Sikushukuru kwa mwamba wa watu. Nilishukuru kwa neno moja, lile "Mama", lililotoka kwa mmoja likafika kwa mwingine bila kupita kwangu. Nilikuwa nimelibeba kwa miezi, na sikujua uzito wake mpaka nilipotuliwa. Na kwa kuwa sikumwona mtu aliyenitua, ilibidi nimshukuru yule ambaye haonekani. Sina imani kubwa kuliko hiyo, lakini hiyo ninayo.

Tulipomaliza kulima, kaka alisema ataenda tukishapanda. Tulipopanda, akasema si vizuri kuiacha palizi njiani. Palizi ikaisha, akasema mama hawezi peke yake na ngedere wanaokula mahindi machanga. Sasa mahindi yanakauka, na kaka bado anaenda. Msimamizi akipiga simu, kaka anamwambia niko njiani, halafu anakwenda kuwanywesha ng'ombe. Mama hamwulizi. Hajasimama kanisani kushukuru kwa jambo hili, na nilipomwuliza sababu alisema safari hii anaogopa kushukuru kwa sauti, watu wasije wakasikia.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma mniandikie, hata kama ni mistari michache. Kama nyumbani kwenu yupo mtu anayeenda na bado hajaenda, nielezeni mnamshukuruje Mungu. Mnangoja mpaka ijulikane kama anabaki, au mnashukuru leo, na kesho tena, kwa siku moja moja? Mimi nimeanza na hiyo ya pili. Ningependa kujua kama kuna wenzangu.